Bibi Aliniambia Nimwombee

Kwetu Malakia, Juba, ukoo mmoja hula Idi na Krismasi. Bibi mzaa mama alikuwa Mkristo. Alipokuwa mahututi alinishika mkono: "Mjukuu wangu, niombee." Nikamwomba Allah amponye na amwongoze. Hapo sikuwa na shaka, Mtume (s.a.w.) alimtembelea kijana wa Kiyahudi mgonjwa, akamlingania, na kijana akasilimu. Bibi alinisikiliza akatabasamu tu.

Kwenye matanga mama mdogo akasema: "Wewe unayesoma dini, mwombee mama yetu msamaha."

Ndugu zangu, Sura At-Tawba aya ya 113 ni nyepesi darasani. Imam Nawawi, katika Al-Majmuu, anasema kumswalia kafiri na kumwombea maghufira ni haramu kwa ijmai. Wapo wanaotafuta upenyo kwa kuwa marehemu ni Ahlul-Kitabi. Nami niliutafuta, tena kwa hamu, sikuuona.

Lakini wanaotukataza hata kulia wanazidisha. Imam Muslim amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) aliomba ruhusa ya kumwombea mama yake maghufira, hakupewa, akaomba kulizuru kaburi lake, akaruhusiwa. Alilia pale mpaka akawaliza aliokuwa nao.

Nilimweleza mama mdogo yote hayo, na kwamba hukumu ya bibi iko kwa Mola wake, si kwangu. Hakufurahi. Likizo hii tutakwenda kaburini pamoja. Yeye ataomba, mimi nitasimama kando yake.