Ramadhani 14: Mpangaji akisema "sawa"



Leo tuzungumze kodi ya nyumba. Najua wapo watakaosema ustadhi kaacha darsa kaingia kwenye udalali. Lakini funga haiishii tumboni, na hapa Dar es Salaam wengi wetu jambo hili linatugusa: ama unalipa kodi, ama unapokea.

Tupige hesabu. Chumba cha shilingi 100,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi 6 kwa mkupuo, hiyo 600,000. Dalali anataka ya mwezi mmoja, 100,000. Jumla laki saba, na mpangaji bado hajanunua hata pazia. Huyu mtu kipato chake ni cha siku kwa siku. Laki saba anaitoa wapi? Anakopa. Wengine wanakopa kwa riba, halafu sisi tunazipokea na kusema alhamdulillah.

Swali langu la leo: mtu akishakubali bei, ndiyo imekwisha? Katika Suratun-Nisaa, aya ya 29, Allah ametukataza kuliana mali kwa batili, akaruhusu biashara ya kuridhiana. Wengi tunaishia hapo. "Nimemtajia bei, kasema sawa, kwani nimemlazimisha?"

Niwasimulie yangu. Nina vyumba viwili vya kupangisha, uani kwangu. Mwaka juzi jirani alipandisha kodi, nami nikapandisha, kutoka 60,000 hadi 80,000. Rangi sijapaka, choo sijatengeneza. Mpangaji wangu, baba wa watoto watatu, alitazama chini kidogo, akasema, "Sawa, ustadhi." Nikaondoka nimeridhika.

Baada ya wiki chache nikaona mwanawe haji chuoni jioni. Nikamuuliza baba yake. Akanijibu kwa adabu, "Nimempumzisha kidogo, ustadhi, mpaka mambo yakae vizuri." Basi nikaelewa. Ada ya mtoto kusoma Qur'ani ndiyo iliyokuja kujaza kodi yangu.

Yule bwana alikuwa na hiari gani? Kuhama ni kutafuta miezi 6 mingine, dalali mwingine, na watoto kubadilisha shule. Mtu asiye na pa kwenda akisema sawa, ulimi umekubali, moyo haukuulizwa. Sisemi mkataba ulikuwa batili. Kifiqhi bei ilijulikana, muda ulijulikana, na yeye alikubali. Lakini mimi nilijua hali yake, na hilo nitaulizwa.

Wapo watakaonijibu kwa hadithi: bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume (s.a.w.) awapangie bei, akakataa. Ni kweli, wameipokea Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Anas. Lakini isome mpaka mwisho. Alikataa kwa sababu alitaraji kukutana na Allah bila mtu yeyote kumdai dhulma ya damu wala ya mali. Aliogopa kumdhulumu mwenye bidhaa. Sisi tunaichukua hadithi hiyohiyo, yenye hofu yote hiyo ndani yake, tunaifanya ruhusa ya kutoogopa!

Na wewe mpangaji, usifurahi mapema. Mwenye nyumba naye ana haki. Kiwanja cha msikiti wa Mtume kule Madina kilikuwa cha mayatima wawili, Sahl na Suhail. Walitaka kukitoa bure, Mtume (s.a.w.) hakukubali mpaka akakinunua. Nyumba nyingi hapa mjini ni za urithi, na huenda kodi yako ndiyo dawa ya bi mkubwa aliyefiwa na mumewe. Ukikaa miezi 3 hulipi na hela unayo, simu yake hupokei, hiyo nayo ni dhulma.

Mimi nilirudi kwa yule bwana. Safari hii sikutaja bei. Nilimuuliza anaweza ngapi, nikanyamaza mpaka akamaliza kusema. Tukakubaliana 70,000, analipa mwezi kwa mwezi, na choo nikatengeneza. Mtoto karudi chuoni. Nisiwadanganye, kuna miezi hela inachelewa na inaniuma. Hapo ndipo naikumbuka Suratul-Baqara, aya ya 280, inayotuamrisha kumpa muhula mdaiwa mwenye shida. Kuisomesha ni rahisi kuliko kuifanya.

Basi, wewe unayepanga kupandisha kodi baada ya Idd, nenda kwanza ukamuulize mpangaji wako hali yake, na umsikilize. Na wewe unayedaiwa, pokea simu leo kabla ya futari, hata kama ni kusema "nivumilie".

Allah azikubali funga zetu, azitakase kodi tunazotoa na tunazopokea, na awape makazi ya utulivu wanaohangaika. Amin.

Wabillahi tawfiq. Tukutane tarawehe, inshaallah.