Changu, na Deni Langu

Wiki iliyopita dada yangu alinijia na barua ya shule ya mwanawe. Ada. Nikamjibu haraka haraka: "Dada, hela hii ni jasho langu." Hakubisha. Aliikunja ile barua, akaifunga kwenye pindo la khanga, akarudi zake Manzese kwenye biashara yake ya maandazi. Usiku ule usingizi ukanikimbia.

Ndugu msomaji, mimi nikikosa usingizi husoma kamusi. Usinicheke. Basi nikaangukia kitenzi cha Kiingereza, "owe", kudaiwa. Nani asiyekijua? Kumbe ukikifuata nyuma miaka elfu na zaidi, unakuta Waingereza wa kale wakisema "agan", na maana yake wala haikuwa kudaiwa. Ilikuwa kumiliki! "Own", kumiliki, nalo ni la ukoo huo huo. Hata enzi za Shakespeare, aliyefariki 1616, "owe" bado liliweza kumaanisha kuwa na mali.

Sasa mali iligeukaje deni? Sikiliza tunavyosema mtaani: "Nina elfu kumi ya kumlipa Mangi." Umesema unayo, kumbe unadaiwa. Waingereza nao walipitia njia hiyo: kuwa na kitu cha kumpa mtu. Tena wakati uliopita wa kitenzi hicho ndio uliozaa "ought", yaani kupaswa. Na "should" je? Asili yake nyingine kabisa, lakini nalo mwanzoni lilibeba maana ya kudaiwa.

Nilimsimulia mshikaji wangu mmoja, mbishi kwelikweli. Akasema: "Asili ya neno si hakimu, bwana. Halafu ukigeuza kila wema kuwa deni, mapenzi yatakuwa duka la mkopo."

Hapo kanishika. Kamusi haiwezi kunihukumu. Wala dada hajawahi kunidai hata senti. Alipoacha shule kidato cha pili ili ada iliyokuwepo nyumbani iwe yangu, hakuandika popote.

Lakini hapo hapo ndipo ninapobanwa. Deni la kwenye daftari ukilipa limekwisha, mnaagana. Hili langu halina daftari, kwa hiyo halina siku ya mwisho. Nilisema "jasho langu" kana kwamba kalamu hii niliifikia peke yangu. Jasho ni langu, sikatai. Ila nilichonacho na ninachodaiwa ni kitu kimoja, na mimi nilitaka kushika upande mmoja tu. Wahenga walishatuonya: shukrani ya punda ni mateke.

Sijui kama kumlipia mpwa wangu ada ni kulipa deni au ni kutoa zawadi. Pengine dada naye hajali tofauti hiyo. Kesho asubuhi nakwenda Manzese kuiomba ile barua.