Uyoga Unaofanana na wa Nyumbani

Mvua za Desemba zikishakolea Sikonge, mkoani Tabora, msitu wa miombo hubadilika chini kuliko juu. Kwenye majani yaliyooza, chini ya mitundu na mininga, uyoga huchomoza kwa usiku mmoja: mweupe, wa manjano, wa kahawia, mwingine mwekundu kabisa. Wanawake na watoto huingia porini mapema na ndoo zao, na wanachokijua ni elimu kubwa. Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi, waliochapisha kitabu chao cha uyoga wa Tanzania mwaka 2003, waliona umuhimu wa kuwauliza wenyeji wanakula upi na wanauacha upi.

Kisa ninachosimulia hapa nimekitunga. Makosa ya jicho yaliyomo, na jinsi sumu inavyotenda, sikuvitunga.

Familia moja ilihamia Sikonge na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga, kama zilivyohamia nyingine nyingi kutafuta malisho. Mama wa familia hiyo hakuwa mgeni wa uyoga. Tangu utoto alichuma ule unaoota penye vichuguu, na aliutambua kwa mbali: kofia nyeupe yenye kichuchu katikati, shina refu, nyama imara. Laiti asingejua lolote, angeogopa akauliza. Wanaoingia hatarini mara nyingi ni wale wanaojua vizuri uyoga wa kwao, kisha wakakutana na unaofanana nao mahali pengine. Na Tabora ni nchi ya wanaofika kutoka mbali, tangu enzi za misafara iliyokuja kutoka Bagamoyo na kuendelea hadi Ujiji.

Jioni moja, akitoka kisimani, aliona vichwa saba vya uyoga mweupe hatua chache kutoka kwenye kichuguu. Hakusimama kuwaza. Alijua ni ule.

Alijuaje? Mwanga uliotoka kwenye uyoga uliingia jichoni, ukaangukia retina, na habari zake zikasafiri kwa neva hadi sehemu ya ubongo iliyo kisogoni. Huko zimo seli ambazo kila moja hushughulika na kipande kidogo tu: hii huamka ikiona mstari uliosimama, ile mstari uliolala, nyingine ukingo ulioinama. David Hubel na Torsten Wiesel waligundua hayo kwa kuchunguza ubongo wa paka, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Kutoka kisogoni habari husonga mbele kupitia upande wa chini wa ubongo, karibu na masikio, na kila hatua vipande huungana kuwa umbo kubwa zaidi, hadi umbo likutane na kumbukumbu na jina lipatikane.

Safari hiyo yote ni fupi kuliko kupepesa jicho. Mwaka 1996 Simon Thorpe na wenzake waliwaonyesha watu picha kwa muda mfupi mno, wakapima ubongo wao, na wakakuta kwamba ndani ya milisekunde 150 hivi ubongo umekwisha kutenganisha picha yenye mnyama na isiyo na mnyama. Anayepita porini anaihitaji kasi hiyo, maana chui hangoji akaguliwe vizuri. Lakini ubongo huipata kwa kutokagua kila kitu. Sehemu ya jicho inayoona kwa ukali kamili ni ndogo sana. Ukinyoosha mkono mbele yako, eneo inalolifunika halizidi sana ukucha wa kidole gumba. Pengine pote ubongo hujaziliza kwa kumbukumbu, kwa mazingira, na kwa kile unachokitarajia. Kichuguu kilikuwa karibu, na kichuguu maana yake ni uyoga ule. Jua limezama, na seli za retina zinazoshughulikia rangi hazifanyi kazi vizuri gizani. Nyumbani watoto wana njaa. Vyote hivyo vilisukuma upande mmoja, na jina likaja.

Jina likishakuja, jicho huacha kutafuta. Hapa ndipo msiba ulipoanzia, na ningependa kila mtu anayechuma chakula porini apaelewe. Mama yule alivunja mashina usawa wa ardhi, akatia uyoga ndooni. Uyoga wa kichuguu una shina linaloendelea chini ya udongo, likizidi kuwa jembamba, hadi kwenye bustani ya mchwa ambako umeota. Uliokuwa ndooni haukuwa na mkia huo. Shina lake liliishia kwenye tako lililovimba, ndani ya kifuko cheupe kilichochanika, kama ilivyo kwa wengi wa ukoo wa Amanita, na kifuko kilibaki ardhini. Juu ya shina ulining'inia utando mwembamba kama pete. Huo ulikuwa wazi, ila hakuwa tena na sababu ya kuuangalia.

Nyumbani mama mkwe aliona kofia moja imeliwa na konokono. "Wadudu wameshaula, hauna neno," akasema. Wengi husema hivyo, na si kweli: konokono hula bila kudhurika uyoga unaoua watu. Ulichemshwa, maji yakamwagwa, ukachemshwa tena. Amatoksini, sumu ya uyoga mbaya zaidi wa ukoo huo, haiharibiwi na moto.

Walikula saa mbili usiku, wakalala salama. Sumu hiyo hukaa kimya kati ya saa 6 na 24, na ukimya wake ndio unaopoteza watu. Alfajiri watoto wawili walianza kutapika na kuhara, kisha mama. Kwenye zahanati hakuna aliyetaja uyoga, maana kila mtu anaamini chakula kibaya hujionyesha papo hapo. Tabibu aliona watu wanaohara wakati wa mvua, akatambua ugonjwa anaouona kila masika. Wala si uzembe. Mwaka 2013 watafiti waliweka picha ya sokwe ndani ya picha za mapafu, wakawapa madaktari 24 wa picha za mwili watafute uvimbe. Madaktari 20 hawakumwona sokwe, na zaidi ya nusu yao macho yao yalikuwa yamepita juu yake. Walikuwa wakitafuta kitu kingine.

Siku ya pili watoto waliomba uji. Wakarudishwa nyumbani, majirani wakashukuru. Ndani, ini lilikuwa likiendelea kuharibika. Siku ya tatu macho ya mdogo yaligeuka manjano, na kabla wiki haijaisha walimzika.

Bibi jirani aliyekuja matangani aliomba aonyeshwe mahali. Akachimba kwa jembe dogo palipobaki mashina, akatoa moja na udongo wake, akalipangusa kwa kidole gumba.

"Mwanangu, huu una kifuko. Wa kichuguu una mkia."

Ingekuwa rahisi kuondoka hapo na kanuni kwamba wenye kifuko wote ni sumu. Kwa mgeni kanuni hiyo inafaa, na aishike. Lakini katika miombo wenyeji hula pia Amanita wenye kifuko, kama Amanita zambiana na Amanita tanzanica, na bibi yule mwenyewe anauchuma kila mwaka. Yeye hatumii kanuni moja. Mwaka 2000 Isabel Gauthier na wenzake walionyesha kwamba kwa mabingwa wa ndege au wa magari, eneo la ubongo linalotumika kutambua nyuso huamka pia waonapo ndege au magari wanayoyajua. Ujuzi wa namna hiyo hujengwa kwa miaka ya kushika, kunusa, kugeuza na kusahihishwa na aliyetangulia. Haupatikani kwa sentensi moja, wala kwa picha iliyopigwa kwa simu kutoka juu na kutumwa kwa ndugu mjini. Picha hiyo inaonyesha kofia tu. Programu ya simu nayo huhukumu kwa kile ilichoonyeshwa, na kifuko kikiwa kimebaki Sikonge ardhini, hakuna wa kukiona.

Kwa hiyo uyoga wa mahali pageni usioufahamu ung'olewe mzima, kwa kisu au jembe, pamoja na udongo wake, na mwenyeji wa hapo auone mchana kabla haujaingia jikoni. Usiotambuliwa na mwenyeji uachwe. Na aliyekula kisha akatapika saa nyingi baadaye apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, ataje uyoga hata asipoulizwa, aseme saa aliyoula, na abebe mabaki yake kwenye karatasi, si kwenye mfuko wa plastiki ambamo huoza haraka. Akipata nafuu siku ya pili, asirudishwe nyumbani kabla ini lake halijapimwa.