MAMA YAKO UTAMKUMBUKA KWA NINI?

Kijana mwenzangu, karatasi hii usiitupe. Isome mpaka mwisho, haitamaliza hata muda wa kikombe cha kahawa pale kijiweni. Ninalo swali moja tu kwako. Siku mama yako atakapolazwa kaburini, au kama alishalazwa, UTAMKUMBUKA KWA NINI?

Usijibu haraka. Wengi wanasema, "Mimi nitamzika kwa heshima. Nitanunua jeneza zuri, nitachinja ng'ombe, kaburi nitalijengea kwa saruji." Haya, vizuri. Lakini yule ng'ombe atakula nani? Mama hali tena. Na alipokuwa hai akiomba sabuni na chumvi, wewe ulikuwa wapi?

Hebu tazama mama wa huku kwetu Buha. Wakati wa ukoloni babu zetu waliondoka kwa wingi kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge kule Tanga. Wengine walirudi, wengine mpaka leo hawajarudi. Je, nyumbani alibaki nani? Alibaki mama na jembe lake. Ndiye aliyepanda maharage na mihogo, akachota maji bondeni, akauguza wagonjwa, na usiku akapiga magoti kuwaombea watoto. Mshahara hakupata. Gazeti halikumwandika. Leo vijana tunakwenda Kahama na Geita kutafuta dhahabu, na mama ni yule yule, bado amebaki na jembe.

Sasa deni la namna hiyo utalilipaje? Alikubeba tumboni miezi tisa. Je, na wewe utambeba tumboni? Haiwezekani! Hata ungemjengea nyumba ya bati na kumnunulia vitenge kumi, bado hujalipa. Basi ndiyo tuseme tusilipe kabisa? Hapana. Sikiliza.

Katika Biblia, Matendo ya Mitume sura ya 9, kuna mwanamke wa mji wa Yafa aliyeitwa Dorkasi. Alikuwa mwanafunzi wa Yesu, na kazi yake ilikuwa kuwasaidia maskini. Akaugua, akafa. Petro alipofika aliwakuta wajane wanalia. Hawakumwambia marehemu alikuwa na mali kiasi gani. Walimwonyesha nguo. Walimwonyesha kanzu alizowashonea kwa mikono yake! Umeona? Huyo mama alikumbukwa kwa kile kilichokuwa kinawasitiri watu wengine.

Labda unasema, "Hayo ni ya zamani, na ni ya mbali." Haya, nikupeleke karibu. Vuka mpaka wa Kibondo uingie Burundi, mpaka Ruyigi. Watu wa kule na sisi Waha tunasikilizana lugha.

Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na nchi ikawaka moto. Warundi wengi walikimbilia huku kwetu. Tarehe 24 ya mwezi huo, siku ya Jumapili, watu walikuwa wamejificha katika nyumba ya askofu wa Katoliki pale Ruyigi. Wengi wao walikuwa Wahutu. Aliyewaficha ni dada mmoja Mtutsi aitwaye Marguerite Barankitse, ambaye wengi wanamwita Maggy. Hakuwa ameolewa, ila alikuwa analea watoto aliowachukua yeye mwenyewe, Wahutu na Watutsi pamoja. Wakaja Watutsi wenye silaha, watu wa kabila lake. Wakampiga, wakamvua nguo, wakamfunga, wakaua watu 72 mbele ya macho yake.

Kati ya waliouawa alikuwemo mama mmoja, rafiki yake. Mama huyo kabla ya kufa hakuomba aokolewe yeye. Alimwomba Maggy awalee binti zake kama watoto wake.

Kijana, simama hapo kidogo. Je, yule mama anakumbukwa kwa nini? Kwa kaburi? Anakumbukwa kwa sababu mtu mwingine ALISHIKA KAZI YAKE PALE ALIPOIACHIA. Maggy alitoa fedha, akaokoa watoto 25, akatoka nao. Kutoka hapo ikazaliwa Maison Shalom, yaani Nyumba ya Amani. Baadaye watoto wengi walijengewa nyumba ndogo ndogo, ndugu wakae na ndugu zao, wakue kama familia. Mwaka 2008 ikafunguliwa hospitali, mama wazazi wapate pa kujifungulia. Mwaka 2015 alilazimika kukimbia nchi yake, akaenda Rwanda. Kule nako akaanza tena kuwahudumia wakimbizi wenzake. Na wale waliomchukia tangu mwanzo walikuwemo ndugu wa damu, wakimwuliza kwa nini analea watoto wa adui.

Basi jibu la swali letu ni hili: deni la mama hulipwi kwa mama peke yake. Linalipwa pia kwa yule asiyeweza kukulipa. Ulibebwa, na wewe beba. Ulilishwa, lisha. Uliuguzwa, uguza.

Wewe utasema, "Mimi sina kitu." Hata Maggy siku ile hakuwa na nyumba ya kuwaweka wale watoto. Mwingine atasema, "Mama yangu aliniacha, sina cha kumkumbuka." Pole sana, ndugu yangu, hilo ni jeraha kubwa. Lakini uko hai. Maana yake kuna mtu alikupa uji, labda bibi, labda shangazi, labda jirani asiyekuwa hata ukoo wako. Huyo ndiye uliyepewa. Mkumbuke huyo.

Yesu mwenyewe alipokuwa anakufa msalabani alimwona mama yake amesimama pale. Katika maumivu yale hakumsahau. Alimkabidhi kwa mwanafunzi wake, na yule mwanafunzi akamchukua nyumbani kwake. Yohana sura ya 19, kasome mwenyewe. Kama Mwokozi alikuwa na nafasi ya kumfikiria mama akiwa na misumari mikononi, wewe unayecheza karata kijiweni unakosa nafasi gani?

Sisi Waha tunasifika kwa salamu ndefu. Tunampigia makofi hata mgeni tusiyemjua. Je, mama yako umemsalimu lini mara ya mwisho?

Basi jioni hii, ukitoka mkutanoni, pita kwake. Mchotee maji, hata ndoo moja. Kama yuko mbali, mtumie salamu na sabuni. Kama amelala, tafuta mtoto wa jirani asiye na mama, au mgonjwa asiye na wa kumpelekea uji. Anza na huyo. Moyo ukikataa, mwambie Yesu akupe moyo mwingine. Yeye anao, na hauzi.

Mungu akubariki.