Nani Atasikia?

Jioni moja Padri wetu aliniita nyumbani kwake kusikiliza santuri. Kilipigwa kinanda kimoja tu, pasipo mwimbaji wala ngoma. Sauti yake ilikuwa ndogo hata ikatubidi kufunga dirisha, maana mbuzi wa jirani walikuwa wakiishinda. Nikasema moyoni: Mtu aliyejitaabisha kutunga muziki wa namna hii, alitaka nani amsikie?

Kinanda hicho chaitwa luti. Ni ndugu ya udi wa Waarabu, ule upigwao Unguja katika taarabu. Hata jina lake la Ulaya latoka katika jina la Kiarabu. Mtungaji ni Silvius Leopold Weiss, mtu wa Silesia, aliyetumika katika jumba la mtawala wa Saksonia, mjini Dresden, tangu mwaka 1718 hata kufa kwake mwaka 1750. Luti kubwa ya siku zake ilikuwa na nyuzi 24. Alitunga sonata, yaani ngoma tano au sita za Ulaya zinazofuatana, moja ya polepole, nyingine ya haraka. Lakini hakuna anayezicheza. Mtu mmoja akaa kitini, akainamia kinanda chake, basi. Mwaka 1722 mpiga fidla mmoja alimwuma kidole gumba cha mkono wa kuume, akitaka kukikata; na gumba hilo ndilo linalopiga nyuzi nene. Alipona, akapiga tena.

Tusimfanye mtakatifu. Weiss alilipwa vizuri, na wakubwa walimsifu. Lakini baada ya kufa kwake watu waliiacha luti, wakapenda vinanda vyenye sauti kubwa. Sonata zake zikalala miaka mingi katika vitabu vilivyoandikwa kwa mkono. Kimoja kikubwa kimo London, vingine Dresden.

Je, muda huo wote kazi ile ilikuwa bure?

Wengine watajibu upesi: Si bure, kwani leo inapigwa tena. Jibu hili halinitoshi. Kama panya wangalivila vitabu vile, je, kazi ingaligeuka kuwa mbaya? Mhunzi akifua jembe vema, na mwenye kuliagiza akafa kabla ya kulima, jembe lingali jembe zuri. Lakini hapa pana hatari, nakubali. Mvivu naye aweza kufanya kazi isiyomfaa mtu, akajitetea kwamba ni njema yenyewe.

Tazameni basi jinsi sonata hizo zilivyoandikwa, kwa desturi ya wapiga luti wa siku zile. Hawakuandika sauti, waliandika mahali pa vidole. Kuna mistari sita yenye herufi: a maana yake uache uzi wazi, b uweke kidole mahali pa kwanza, c mahali pa pili. Anayesoma leo aweka vidole pale pale Weiss alipoviweka. Maandiko hayo yamngoja mtu mmoja mwenye mikono. Hayaulizi watakuja wangapi.

Hapo ndipo nilipochomwa. Katika majira ya mvua yaliyopita nilikwenda kufundisha dini katika kijiji cha ng'ambo ya mto. Nilikuwa nimetayarisha somo la saa nzima. Wakaja watoto watatu, wameloa. Nikasali nao, nikauliza maswali mawili, nikawaruhusu kwenda. Nilijiambia kwamba nimewahurumia kwa sababu ya mvua. Si kweli. Wangalikuwa 40 ningalifundisha hata mwisho, na mvua inyeshe. Nililipima somo kwa hesabu ya masikio.

Santuri ilipokwisha, Padri aliniuliza kama nimechoka. Nikasema hapana, nikamwomba aipige tena.

Jumamosi narudi ng'ambo ya mto. Siku ile ya mvua, yule mdogo wao aliniuliza swali akiwa tayari mlangoni, nami nikamjibu: Tutaona siku nyingine. Swali lake nalikumbuka hata sasa.