Kabla ya Dripu, Meno Kwanza

Mwaka 2003 Robert Marx, daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya wa Chuo Kikuu cha Miami nchini Marekani, aliwaandikia madaktari wenzake onyo. Alikuwa na wagonjwa 36 ambao mfupa wa taya ulikuwa umekufa na kuchungulia nje ya fizi. Karibu wote walikuwa na saratani: ya titi iliyokwisha kusambaa, au mieloma, ile saratani ya uboho. Na wote walikuwa wametumia pamidronati au zoledronati, dawa za kundi la bisfosfoneti, walizopewa kwa dripu ili kuilinda mifupa yao.

Visa hivyo vinafanana. Jino linauma, linang'olewa, mgonjwa anaambiwa asukutue kwa maji ya chumvi na pengo litaziba lenyewe. Wiki zinapita, halizibi. Pale jino lilipokuwa panabaki mfupa mkavu wa manjano unaokwaruza ulimi. Kinywa kinaanza kunuka, kisha yanakuja maumivu na usaha. Antibayotiki zinatuliza kwa muda tu. Daktari akiamua kukata kipande kilichokufa ili aufikie mfupa ulio hai, ukingo alioukata nao unakufa. Hili ndilo lililowatisha wapasuaji, kwani tangu wakiwa wanafunzi wamefundishwa kwamba ukiondoa kilichokufa, kilicho hai hupona.

Chanzo kiko kwenye seli inayokula mfupa, osteoklasti. Ni seli kubwa yenye viini vingi. Hujibandika juu ya mfupa, ikaziba kingo zake pande zote, kisha ikamwaga asidi katika nafasi iliyofungiwa chini yake hadi madini yayeyuke. Ikishaondoka, seli za ujenzi, osteoblasti, huja kulijaza shimo kwa mfupa mpya. Wengi wakisikia habari zake humwona mlaji huyu kuwa adui. Si kweli. Fundi hapigi lipu mpya juu ya lipu iliyooza, hubandua kwanza. Shida huanza pale ubanduaji unapoupita ujazaji, kama inavyotokea kwa mwanamke aliyekoma hedhi, au saratani inapoingia mifupani. Hapo mtu huteleza kidogo tu na nyonga ikavunjika.

Bisfosfoneti hunata kwenye madini ya mfupa na kutulia humo mpaka osteoklasti ije kula. Asidi inapoyeyusha madini, dawa hufunguka na kumezwa. Zile zenye naitrojeni, kama zoledronati na alendronati, huzuia kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza vijimkia vya mafuta ambavyo protini fulani hutumia kujishikiza kwenye utando wa seli. Protini hizo zikikosa pa kushika, mikunjo ya utando inayomwaga asidi hutoweka. Seli huacha kula, na mara nyingi hufa. Nauheshimu sana ubunifu huu: dawa inampata mlaji kwa sababu amekula.

Lakini taya si mfupa kama mwingine. Linatafuna kila siku, mfupa wake hukarabatiwa upesi, fizi iliyolifunika ni nyembamba, na bakteria wa kinywani wako jirani. Jino likitolewa, mfupa uliojeruhiwa unahitaji kusafishwa, na wasafishaji wamenyamazishwa.

Taya kufa namna hii hakukuanza na dawa hizi. Karne ya 19 wafanyakazi wa viwanda vya viberiti Ulaya walioza taya kwa mvuke wa fosforasi nyeupe, na hata wakati huo ilijulikana kwamba wenye meno mabovu ndio walio hatarini zaidi. Mkataba wa kuipiga marufuku ulitiwa saini mjini Bern mwaka 1906. Kwa hiyo uhusiano wa jino bovu na taya linalokufa haukuwa jambo geni, na inaniuma kwamba wagonjwa wa saratani walianza dripu bila mtu kuwafungua kinywa na kutazama.

Hata hivyo, dozi inatofautiana mno. Mgonjwa wa saratani huweza kupewa miligramu 4 za zoledronati kila baada ya wiki tatu au nne. Mwenye mifupa iliyodhoofika tu hupewa miligramu 5 mara moja kwa mwaka. Kwa huyu wa pili taya kufa ni jambo la nadra, na kuacha dawa kwa hofu hiyo kunaweza kumletea mvunjiko wa nyonga, ambao huwaua wazee wengi. Asiache bila kuongea na daktari wake.

Kinachotakiwa ni kwenda kwa daktari wa meno kabla ya dripu ya kwanza. Jino lisilofaa ling'olewe wakati huo na kidonda kipone kabisa, kama hali ya saratani inaruhusu kusubiri. Dawa ikishaanza, jino linaloweza kuzibwa au kutibiwa mzizi lisikimbiliwe na koleo. Na kila aliyewahi kutumia bisfosfoneti, akikaa kwenye kiti cha daktari wa meno, aitaje, hata kama aliiacha miaka mingi iliyopita, kwa kuwa alendronati iliyokwisha kuingia mfupani huchukua zaidi ya miaka 10 kupungua kwa nusu.