Kifuniko Kimoja, Maji Mawili

Dada mkubwa anakaa Kitale mjini, kwenye maji ya mfereji. Mdogo wake ameolewa Bungoma, kando ya Nzoia karibu na Webuye. Siku dada alipomtembelea mdogo wake alimbebea chupa ya WaterGuard, dawa ya klorini ya kutibu maji. "Kifuniko kimoja kwa mtungi wa lita 20, ngoja nusu saa, kunyweni."

Agizo sahihi, kwa Kitale. Ikaja mvua ya Aprili, ikakokota udongo na samadi za mashamba ya mahindi, mto ukageuka rangi ya chai ya maziwa. Mdogo mtu akatia kifuniko kimoja, akangoja nusu saa kamili, akaonja. Hakuna harufu! Akafurahi, maana watoto walikuwa wakiyakataa maji kwa harufu ya dawa. Siku ya tatu kitinda mimba alikuwa anaharisha, wakapanda bodaboda usiku kwenda zahanati.

"Maji yalinukia dawa, mama?" akauliza muuguzi.

"Hata kidogo, daktari. Yalikuwa mazuri."

"Basi dawa iliishia kwenye tope."

Klorini haina macho. Huunguza kijidudu, na huunguza vilevile jani lililooza na samadi. Uchafu ukizidi, dawa huisha kabla ya kazi, na tope lenyewe huwaficha vijidudu. Harufu hafifu inayobaki baada ya nusu saa ndiyo ushahidi kwamba kuna klorini iliyosalia. Kiasi chake ni kidogo mno: miligramu 0.2 kwa lita yatosha kulinda maji nyumbani.

Maji ya tope huachwa yatulie, yakachujwa kwa kitambaa safi kizito, kisha yakatiwa vifuniko viwili. Wengine hutumia shabu. Shabu hugandanisha chembe za udongo zikazama chini, na maji hung'aa kweli, ila kung'aa si kufa kwa vijidudu. Klorini bado inahitajika.

Kugawa chupa tu hakutoshi. Utafiti uliofanywa Bungoma, Kakamega na Vihiga, matokeo yakachapishwa 2018, uliwapa watu klorini, na kuhara kwa watoto hakukupungua. Sababu zinabishaniwa, lakini kadiri muda ulivyopita ndivyo nyumba zilizokutwa na klorini majini zilivyopungua.

Dada mtu alipopigiwa simu alishangaa: "Mbona kwangu kimoja kinatosha?" Kisha akauliza chupa inawekwa wapi. Dirishani, juani. Jua nalo huivunja klorini, ikabaki chupa ya maji ya chumvi.